Nafasi ya Saa Nne na Nusu

Jumatatu asubuhi chumba cha kusubiria hufurika. Watu wamevumilia homa na migongo tangu Ijumaa, na sasa wote wanamtaka daktari mmoja huyohuyo. Siku hiyo hata kiyoyozi kilikuwa kimegoma, watu wanajipepea kwa kadi zao. Kijana mwenye ovaroli ya buluu na begi zito alipofika kwenye dirisha la mapokezi, msichana wa ndani hakuinua hata macho. Alimpa namba, akamwambia akae, ataitwa. Kijana alijaribu mara mbili kueleza kwamba yeye si mgonjwa. Mara zote mbili aliambiwa foleni ni foleni, hata wakubwa wanakaa. Basi akakaa. Alikaa mpaka akaitwa, akafungwa kipimo cha presha mkononi kabla hajafungua mdomo, na daktari akaguna kuona presha iko juu.

"Ni yule dada wa dirishani," kijana alisema. "Mimi nimekuja kutengeneza kiyoyozi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Msichana wa mapokezi yeye alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa na blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, hereni ndogo za kijani, na shingo ndefu ambayo sasa ilikuwa imejaa jasho la aibu. Fundi alipopanda ngazi kuanza kazi, alimfuata akasimama chini yake kumwomba radhi. Fundi akajibu kutoka huko juu kwamba radhi ataipokea ikija na namba ya simu isiyo ya kliniki. Akapewa. Tangu hapo yeye akawa Kiyoyozi, msichana akawa Mapokezi, na kwa miezi kadhaa walipendana kiasi cha kuwachosha marafiki zao.

Kilichowavuruga ni simu nyingine. Kliniki ilikuwa na simu ya wagonjwa ambayo Mapokezi aliondoka nayo jioni, maana watu hukumbuka kuhamisha miadi wakishafika nyumbani. Kiyoyozi alishaizoea. Lakini jioni moja wakiwa kwenye duka la juisi, ikalia, Mapokezi akatazama namba, akainuka haraka na kwenda kusimama mlango wa jirani. Alisahau mkoba. Kiyoyozi akamfuata kumpelekea.

"Usiogope," alimsikia akisema. "Siku hiyo nitakuwepo. Hapana, hatajua. Mimi simwambii mtu."

Sauti aliyoitumia ilikuwa laini, ile ambayo Kiyoyozi aliamini ni yake peke yake. Alipouliza, aliambiwa ni kazi. Siku chache baadaye simu ikalia tena, na Mapokezi akainuka tena.

"Niambie ni nani, basi."

"Siwezi."

"Ni mwanamume au mwanamke?"

"Hata hilo siwezi, mpenzi wangu. Niamini."

Aamini nini, wakati hajaambiwa kitu? Akili ilimwambia anachezewa, moyo ukakataa, akabaki katikati hajui ashike lipi. Mwishowe alishika lile baya. Alimwambia waachane, akaondoka kabla juisi haijaisha, na alipofika kwenye kona akawa tayari amejuta.

Mpigaji alikuwa mama mzazi wa Kiyoyozi.

Mama huyo, mjane na mshonaji wa nguo, alifika dirishani asubuhi moja na mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi, akaeleza kwa kunong'ona kuwa ana uvimbe kwenye ziwa. Mapokezi aliijua sura ile. Aliiona kila mara kwenye simu ya Kiyoyozi, ikicheka nyuma ya cherehani. Mama yeye hakumjua, kwa kuwa mwanawe alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kuwakutanisha. Alipoulizwa ataongozana na nani, alijibu kwamba ana mtoto mmoja, na huyo asiambiwe kabisa. Kijana alimuuguza baba yake mpaka siku ya kumzika. Hatamtwisha mzigo ule mara ya pili.

"Andika niko peke yangu," alisema.

Sasa majibu ya vipimo yalikuwa yamerudi. Daktari alimpigia mwenyewe kumsihi aje na mtu wa familia. Mama akasema atakuja peke yake, Alhamisi saa nne. Jioni zile alipiga simu kwa sababu ya hofu tu, na sauti pekee aliyoweza kuipigia ilikuwa ya yule binti wa dirishani.

Kazini Mapokezi alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: linalosemwa dirishani linabaki dirishani. Akimwambia Kiyoyozi, amemsaliti mama aliyemwamini. Akinyamaza, mama ataisikia habari ile hana hata wa kumshika mkono, na siku mwanawe atakapojua, hatamsamehe. Aliligeuza huku na huku, akachanganyikiwa mpaka akampa mzee mmoja mwenye maumivu ya magoti miadi ya siku ya wajawazito. Simu za Kiyoyozi hakuzipokea. Aliogopa akiisikia sauti yake atalia, na akilia atasema.

Kiyoyozi alipoona hapokelewi, alipiga namba ya kliniki.

"Kliniki, habari za asubuhi."

"Nzuri. Nataka kumwona daktari."

Mapokezi alishika ukingo wa meza. Mbele yake watu walikuwa wamepanga mstari, wa kwanza ni yule mzee wa magoti aliyerudi kulalamika.

"Unasumbuliwa na nini?" aliuliza kwa sauti ya kazi.

"Hata sielewi. Silali. Nikishika bisibisi nasahau nilitaka kufungua nini."

"Tangu lini?"

"Tangu nimwache mtu nisiyetaka kumwacha."

Mapokezi alifungua orodha ya miadi kwenye skrini, akashuka hadi Alhamisi. Mzee akakohoa.

"Alhamisi," alisema. "Saa nne na nusu. Lakini ufike mapema, saa nne isikukute njiani."

"Hakuna ya karibu zaidi? Hata kesho?"

"Alhamisi, Kiyoyozi. Tafadhali usikose."

Alhamisi alifika mapema, shati jeupe, viatu vinang'aa, na maneno ya kuomba msamaha ameyakariri njia nzima. Yote yalimtoka alipomwona mwanamke aliyekaa pembeni, mkoba magotini, chini ya kiyoyozi alichokitengeneza yeye mwenyewe.

"Mama?"

Mama aliruka kama aliyefumaniwa. "Unafanya nini hapa? Unaumwa?"

"Siumwi. Wewe unaumwa?"

"Mimi? Mimi siumwi."

Wakatazamana, wazima wawili wanaosubiri daktari. Mama alimgusa paji la uso, akamgusa shingo, maana tayari alishamwona mwanawe kitandani na madripu. Watu wakageuka kuwatazama. Kijana ikabidi akiri kuwa amekuja kwa ajili ya yule dada wa dirishani, ndiye yule anayemtajia kila siku.

Mama aligeuka akamtazama Mapokezi, ambaye alikuwa ameinamia kibodi bila kuandika chochote.

"Yule?" alisema taratibu. "Yule ndiye ninayempigia jioni."

Kiyoyozi alikaa kando ya mama. Alitaka kuuliza, akaogopa jibu. Ndipo Mapokezi akainuka, akasema mama anasubiriwa ndani. Mama alisimama, akapiga hatua moja, akasita. Akanyoosha mkoba nyuma yake bila kugeuka.

"Nibebee, baba. Twende wote."

Walipotoka, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Ugonjwa ulikuwa ndio ule waliouogopa, lakini umewahiwa. Kutakuwa na upasuaji, kisha dawa za miezi mingi, na daktari alisema matumaini ni makubwa. Walikwenda dirishani kupangiwa siku ya upasuaji.

"Uliniweka leo makusudi?" Kiyoyozi aliuliza.

"Nafasi ilikuwa hiyo tu," Mapokezi alijibu.

"Hiyo tu?" Mzee wa magoti, aliyekuwa nyuma yao, alishangaa. "Mimi siku ileile ulipokuwa kwenye simu uliniambia wiki nzima iko wazi, nichague ninayotaka."

Mapokezi alimjibu kwa heshima kwamba dirishani hapaongelewi habari za mgonjwa mwingine. Kiyoyozi akasema samahani, kwa sauti ndogo. Ya maneno yote aliyoyakariri lilibaki hilo moja. Aliweka kiganja kwenye kioo, na Mapokezi akaweka chake upande wa pili.

Kisha akajifuta macho, akaivuta kibodi, akauliza lile swali analomuuliza kila mtu. "Siku ya upasuaji, mama, utaongozana na nani?"

"Andika mwanangu," mama alisema. Akamtazama vizuri, kuanzia hereni hadi vidole. "Na mkwe wangu."

Mapokezi alisema kwa aibu kwamba hilo yeye bado hajaulizwa na mtu.

"Niko kwenye foleni," alisema Kiyoyozi.

Mapokezi aliandika wawili, akasoma tena alichoandika, akaacha hivyohivyo.