Pikipiki Iliyokatazwa Kuzibwa

Kwanza niseme, mimi si mtu wa kutia chumvi. Nikiitia huwa nasema nimeitia, na hapa sijaitia hata punje. Haya yalimpata fundi pikipiki jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mtu tuliyeazimana nyundo na pampu miaka nenda miaka rudi. Mengine niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Mengine alinisimulia mwenyewe, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa mpaka kikapoa.

Mtaani walimwita Mkavu. Si kwamba alikuwa mwembamba, la hasha, tumbo lake lilikuwa likifika mahali kabla yake. Walimwita hivyo kwa sababu pikipiki iliingia kwake inavuja oili ikatoka imekauka. Akimaliza kazi alitandika karatasi nyeupe chini ya injini, akaiwasha, akaiacha ingurume robo saa nzima, kisha akamwita mwenye mali aje akague karatasi.

"Ukiona tone hapo, nalilamba!" alikuwa akipiga kelele ili mtaa mzima usikie.

Mkewe, fundi cherehani, alimjibu kutoka dirishani, pini zimejaa mdomoni. "Ipo siku utalamba kweli, baba, na mimi maji ya kusukutulia sikupi."

Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na miwili, na bado walitaniana kama wachumba. Mke alishona mashati meupe ya shule katika chumba kilichotazamana na gereji, na kila jioni alifua ovaroli ya mumewe kwa mikono yake miwili. Alisema harufu ya oili ndiyo iliyomuoza. Mkavu angeweza kupoteza spana zote asilie, lakini huyo mwanamke akiumwa kichwa tu, gereji ilifungwa.

Basi Jumanne moja, asubuhi ya kawaida kabisa, jua limechomoza na redio inaimba, akaja mwalimu wa shule ya msingi anasukuma pikipiki. Mpya. Kiti bado kina nailoni ya dukani. Miezi minane tu barabarani, kilomita elfu nne hazijatimia. Na chini ya injini inadondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Habari za kazi, fundi."

"Salama, mwalimu. Mbichi kabisa hii, imeanza kulia, nani kaichapa?"

Mwalimu hakucheka. "Naomba uipunguze tu. Imezidi, mpaka viatu vinaloa. Ila usiizibe kabisa."

"Nisiizibe?"

"Iache itoke kidogo."

Mkavu alicheka mpaka spana ikamdondoka. "Mwalimu, mtoto akikosa hesabu, na wewe unamwacha akose kidogo?"

"Kidogo tu, ndugu yangu," mwalimu alisema kwa sauti ya chini, macho ardhini. Kisha akashika njia ya shule, anatembea upesi kama mtu aliyetua mzigo.

Mkavu akakunja mikono. Pikipiki mpya inayovuja haikumtisha. Mara nyingi ni mambo madogo. Oili imejazwa kupita kiasi, au mtu mwenye haraka kaikaza nati ya chini mpaka washa, ile pete ya kuzuia oili, ikapasuka. Akaweka karai, akafungua nati.

Oili ikatoka ya moto.

Injini ilikuwa baridi. Ilikuwa imesukumwa tu tangu kwa mwalimu. Lakini kilichotoka kilikuwa na joto la mwili, na kilishuka kwa mabonge, kizito, cheusi chenye umanjano pembeni. Harufu yake haikuwa ya oili. Ilikuwa ya bandeji ya kidonda iliyofungwa ndani ya mfuko na kusahauliwa juani. Nzi walikuja, wakatua, wakanata.

Alipogeuka kunawa na kurudi, karai lilikuwa limeshika utando juu, kama maziwa yaliyochemka yakaachwa. Akauchoma kwa bisibisi. Utando ukapasuka polepole. Chini yake kulikuwa na nywele. Ndefu, nyeupe, zimejisokota. Na kitu kingine alichodhani ni kipande cha plastiki, mpaka alipokigeuza.

Ukucha wa mguu. Mzima, pamoja na mzizi wake.

Akavimwaga vyote kwenye shimo nyuma ya gereji, akajiambia huko viwandani siku hizi watu hawana usafi. Akaisuuza injini kwa petroli, akaikausha, akaipaka poda ya watoto mwili mzima. Hiyo ni mbinu ya mafundi: unapaka poda, unawasha, panapolowa ndipo panapovuja. Akatia oili mpya. Akawasha. Akachuchumaa.

Tone likatokea chini, pembeni ya nati. Akangoja lidondoke.

Lilipanda.

Lilipanda polepole juu ya poda, linaacha njia nyembamba yenye unyevu. Likafika kwenye sili ya gia, ule mpira unaozuia oili, likaizunguka. Likasimama. Likageuka upande aliokuwa yeye.

Mtu mwenye akili timamu angemfuata mwalimu shuleni saa ileile. Lakini Mkavu alikuwa na jina la kulinda, na jina, wapendwa, huwafanya watu wajinga kuliko pombe. Akalifuta lile tone kwa pindo la ovaroli. Akabadilisha washa. Akabadilisha sili, gasketi ya juu na gasketi ya pembeni, maungio yote akayapaka gundi nyekundu, akakaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Karatasi nyeupe chini. Robo saa. Hakuna tone. Akatundika ile karatasi kwenye msumari ili mwalimu aje ajionee nani ni fundi.

Mwalimu hakuja jioni ile.

Mke wa Mkavu akachukua ovaroli, akakaa juu ya kigoda uani, akaanza kufua. Baada ya muda akaita, "Baba, leo umeshika nini? Maji yanateleza. Kama nafua nyama."

"Oili hiyo. Tia sabuni."

Akatia sabuni.

Asubuhi mto wake wa kulalia ulikuwa na doa jeusi, pana kama sahani. Akamgombeza mumewe kwa kulala bila kuoga. Mkavu alikuwa ameoga mara mbili. Saa nne shati jeupe likatoka kwenye cherehani na alama ya kidole. Akanawa. Shati la pili, alama tena. Akatazama mikono yake vizuri. Ilikuwa inatoka chini ya kucha.

Mchana akainamisha kichwa, kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Ikatoka hapo pia, ya moto, inatambaa shingoni taratibu, nzito, na ile harufu. Mkavu aliijua kabla hajaifikia. Akampeleka hospitali mbio. Daktari akamulika, akasafisha, akasema sikio ni zima, akaweka pamba. Kabla hawajafika getini pamba ilikuwa nyeusi.

Siku ya tatu hakushona. Alikaa na karai mapajani, kanga imegandamana na shingo. Alikuwa akitapika, na alichotapika kilishika utando kabla hakijapoa. Mkavu akataka kumfuta.

"Usinishike," alinong'ona. "Nanuka."

"Hunuki, mama."

"Usinidanganye." Akavuta kitu kutoka sikioni kwa vidole viwili. Kirefu. Cheupe. Hakikuisha upesi. "Nywele hii si yangu," akasema. Akaanza kulia, na machozi yake yalikuwa meusi.

Mkavu akaitoa ile pikipiki gereji, akaisukuma katikati ya jua la saa sita mpaka nyumbani kwa mwalimu. Hakuthubutu kuipanda. Njia nzima nilimfuata kwa macho, nikadhani kaenda kuikabidhi.

Kwa mwalimu alikuta mashuka kwenye kamba, mengi, meupe, yanapepea. Mlangoni amekaa bibi kizee, anamenya chungwa, nywele nyeupe zimesukwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akatabasamu. "Leo siku ya tatu nalala pakavu. Miaka sita sikuwahi."

Mkavu akatazama chini. Bibi alikuwa peku. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na ukucha.

Mwalimu akatoka, akamwona, akamvuta hadi nyuma ya nyumba. Walizungumza kwa kunong'ona, mwalimu anageuka kila mara kuangalia mama yake asisikie.

"Nilikwambia usiizibe."

"Mke wangu anavuja, mwalimu. Masikioni. Machoni."

Mwalimu akafumba macho. "Kwa mama kilianzia hapohapo. Nilibadilisha mashuka mara tano kwa siku, watu wakaacha kuja kwetu. Mtaalamu mmoja akaniambia kitu hiki hakifi. Kinataka pa kutokea tu. Nikichote, nikimimine kwenye chuma kipya ambacho hakijawahi kuvuja, nikiache kidondoke, na pikipiki hiyo niiendeshe mwenyewe kila siku. Kikipata chuma kinamwacha mtu. Mama alibakiwa na unyevu kidogo tu. Ukikizibia, kinatafuta mkono wa kwanza utakaokigusa."

"Kirudishe."

"Mama yangu amekula chungwa leo." Mwalimu akarudi nyuma hadi mlango wa uani. "Fundi, nipigie magoti, nami nitapiga yangu. Siwezi. Pikipiki ni yako. Mpende mkeo."

Akaingia ndani. Mkavu akasikia komeo.

Alirudi anasukuma, jasho linamtoka kama mvua. Akaiingiza gereji, akavuta mlango. Mkewe alikuwa amejikokota hadi humo, amelala ubavu juu ya gunia, anakoroma kama bomba lililoziba, maana sasa ilikuwa imefika kooni. Mkavu akachukua kikombe cha bati. Akakiweka chini ya sikio lake. Kikajaa. Kilikuwa kinapiga, aliniambia, kinadunda taratibu mkononi kama kifua cha kifaranga. Akafungua kifuniko cha oili kuona kama nafasi ipo. Lita nzima aliyotia juzi haikuwemo. Ndani palikuwa pakavu, pasafi, pamelambwa.

Akamimina. Vikombe vitatu.

Akawasha. Akangoja. Hakuna tone.

Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Maungio yote yalikuwa yameshika. Nyuma yake mkewe alivuta pumzi, ikakatika. Ikaja nyingine, fupi. Akalegeza nati ya chini. Hakuna. Akakwangua gundi nyekundu kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu. Hakuna. Mkewe hakuvuta tena.

Hapo ndipo Mkavu aliposhika bisibisi, akailenga ile sili mpya aliyoiweka kwa mikono yake, na kuitoboa. Akaizungusha humo ndani. Akaipasua gasketi. Akaipiga nyundo ile nati mpaka uzi wake wa kukazia ukaharibika usiweze kushika tena milele. Mimi nilisikia vishindo hivyo kwangu, nikadhani anagombana na mtu.

Tone likaanguka.

La pili.

Mkewe akakohoa, akatema bonge, akajipangusa. "Baba," akasema, "pamekauka."

Tangu siku ile Mkavu huendesha hiyo pikipiki kila asubuhi, mvua au jua, suruali imeloa mpaka magotini, na kila anapoegesha panabaki dimbwi. Mafundi wenzake wanapigiana makofi. "Mkavu, umelowa! Njoo kwetu tukuzibie!" Wateja wamekwenda kwa wengine. Msumari wa karatasi hauna karatasi. Yeye huwasha akaenda zake. Kwenda hupinda kushoto, kurudi hupinda kushoto, na barabara ya kwa mwalimu hajaikanyaga tena. Mwalimu na mama yake walihama wiki ileile, nyumba ikabaki na komeo nje. Mkewe anashona, anacheka, masikio yake safi. Ovaroli anaifua mume mwenyewe, kwa glavu, na kuichoma kila mwisho wa mwezi.

Ningekomea hapo kama ningeweza.

Mwezi uliopita walikuja watu wa barabara, wakamwaga lami mpya kutoka kona ya kwa mwalimu mpaka kwetu. Nyororo, nyeusi, ungeweza kulalia. Baada ya siku mbili yakatokea matone juu yake, kuanzia ile kona ambako Mkavu hapiti, yanatoka chini, yamepenya lami. Niliinama kuyatazama, maana mimi kuogopa huja baadaye. Kitu kinachovuja kikiwa kinakwenda, matone hukaa mstari mmoja. Haya hayakukaa hivyo. Lilikaa moja kulia, moja kushoto, moja kulia, moja kushoto, upana wa hatua ya mtu mzima asiye na haraka.

Nikaligusa moja kwa kidole. Lilikuwa na joto.

Kila asubuhi yanaongezeka kumi. Leo yamefika chini ya dirisha la cherehani. Nimeyahesabu yanayokuja, mia tatu na kumi. Yanayoondoka sijaona hata moja.