Siku Masihara Aliposema Kweli

"Mama amefariki."

Masihara aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni mwa studio, simu mkononi, na bendi nzima ikaangua kicheko.

Hawakuwa watu wabaya. Ilikuwa bendi ya roki, imezoea kelele na hasira, ikamwalika Masihara, mtunzi wa nyimbo za kuchekesha, watengeneze albamu pamoja. Tangu aingie, hakuna aliyewahi kusikia neno lililonyooka kinywani mwake. Juzi tu alichelewa, akajitetea kwamba ameolewa. Na siku hiyo walikuwa wakirekodi wimbo wake mtamu kuliko zote, unaomhusu mama anayezunguka mitaani kumtafutia mwanawe mchumba.

Kwa hiyo walicheka. Mwimbaji wa bendi, ambaye kila mtu alijua ni mpenzi wa Masihara, ndiye aliyemalizia:

"Sasa mchumba utatafutiwa na nani?"

Masihara alimtazama. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni. Kisha akachukua koti lake kitini, akatoka.

"Anatuchezea huyo," alisema mpiga gitaa, kiongozi wa bendi na kaka wa mwimbaji. "Atarudi. Tuendelee."

Wakaendelea. Kabla wimbo haujafika mwisho, simu ya mwimbaji ikaita. Alikuwa dada yake Masihara.

"Wifi, pole sana. Kaka yuko na wewe hapo?"

"Katoka sasa hivi. Pole ya nini, wifi?"

"Hajakwambia? Mama ametutoka alfajiri. Kaka alisema anakupitia wewe kwanza, mje wote."

Mwimbaji alikaa chini palepale, kwenye nyaya. Akampigia Masihara, hakupokea. Akamwandikia: *Nisamehe. Nilidhani unatania.*

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: *Najua.*

Msibani Masihara alimpokea kama alivyowapokea watu wote wa kazini, kwa mikono miwili. "Asante kwa kuja," akamwambia, na neno hilo la heshima likamuuma mwimbaji kuliko tusi. Akajifungia jikoni na wifi yake, wakawa wanaosha vikombe.

Baada ya maziko alimkuta Masihara nyuma ya nyumba, anakunja viti.

"Nitukane basi," alimwambia.

"Nikutukane kwa lipi? Mwenye makosa ni mimi. Nimekwambia nakupenda, kwa mzaha. Nimekwambia nitakuoa, kwa mzaha. Siku nimeleta neno la kweli, likakosa pa kukaa."

"Mimi ningekubali. Hata hivyo hivyo kwa mzaha, ningekubali."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utacheka."

Masihara akaweka kiti chini.

"Mimi nikipata habari yoyote, nzuri au mbaya, nampigia mama," alisema. "Hata hiyo ya kwake, nilishika simu nimpigie. Nikalitafuta jina lake kabisa. Ndipo akili ikanirudi. Nikajiambia, mbona bado ninaye mtu mwingine. Nikaja mbio."

Mikono ya mwimbaji ilikuwa bado ina povu la sabuni.

"Sijakukasirikia," alisema Masihara. "Nimechoka tu. Niache kidogo."

Akamwacha.

Kazi ya studio ilirudi. Nyimbo nyingine zote zilikuwa tayari, ukabaki ule wa mama, na ndani yake ilikosekana sauti ya mwimbaji tu.

"Leo tumalize," alisema kaka yake.

"Siimbi, kaka."

"Mdogo wangu, albamu nzima imeegemea wimbo huo."

"Basi ianguke."

Mpiga gitaa alilivua gitaa taratibu. Alikuwa mtu wa kufoka, lakini siku hiyo hakufoka.

"Hata mimi nilicheka," alisema. "Na sijamwomba radhi mpaka leo. Namwogopa."

Sijui ni nani aliyepeleka habari, lakini wiki hiyo hiyo Masihara alipiga simu mwenyewe.

"Nasikia umegoma."

"Ndiyo."

"Imba. Mama aliupenda ule wimbo. Nilikuwa namwimbia kwenye simu, anasema nimemsingizia, hajawahi kunitafutia mke. Halafu ananiomba niurudie."

"Nitalia."

"Lia."

"Siwezi peke yangu."

"Nakuja," alisema Masihara.

Alipoingia studio, mpiga gitaa alimfuata mlangoni. "Pole, ndugu yangu. Tulikukosea."

"Yamepita."

Wote walikuwa wakingoja aongeze neno, hata kamzaha kadogo ka kuwafungua vifua. Hakuongeza. Alivaa hedifoni akasimama karibu na mpenzi wake. Mwimbaji alianza vizuri. Alipofika pale mama anapomsifia mwanawe mbele ya wasichana, kwamba hakoromi sana na meno ni yake mwenyewe, sauti ikamkatika. Masihara akaipokea. Hakuwa na sauti ya kuimba, sauti yake ilikuwa ya kusimulia, lakini aliufikisha wimbo mwisho. Mpiga gitaa alikataa urekodiwe tena.

Baadaye wawili hao walikaa nje, kwenye ngazi, jua likiwachoma magotini.

"Nikwambie kitu," alisema Masihara. "Kuchekesha kumenitoka. Naamka asubuhi natafuta, sikuti kitu. Sijui kama yule mtu uliyempenda atarudi."

"Simngoji yeye."

"Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Nimekaa na wewe."

"Na nikibaki hivi?"

"Ubaki hivi nyumbani kwetu."

Tangu msiba Masihara hakuwa amedondosha hata chozi. Watu walikuwa wameanza kumsema. Sasa aliinamisha kichwa begani kwa mwimbaji akalia kama waliavyo watoto, kwa sauti, bila kuficha uso. Mwimbaji alimshika. Wapita njia waligeuka kutazama, wakaendelea na safari zao, na ndani ya studio hakuna aliyetoka kuwaita.