Berlin Imeachwa Wazi

"Samahani, hiki kiti ni cha nani?"

Mwanamke aliyeuliza alikuwa amesimama mlangoni kwa Gus Pappas, theluji mabegani, kiti cha plastiki mkononi. Hakuna aliyemjua. Watu sita waliozunguka meza waliinua vichwa kutoka kwenye ramani, na baridi ikaingia. Kiti kile kilikuwa kikilinda nafasi ya gari ya Emmet, aliyoifukua kwa koleo tangu asubuhi. Mtaani kwao Boston, kusogeza kiti cha mtu baada ya theluji ni sawa na kumtukana mama yake.

"Changu," alisema Emmet.

"Nisamehe, kaka. Natoka Arizona, huko hatujui mambo ya viti. Naitwa Lorna. Nimekuja kuona chumba cha ghorofa ya tatu, cha Bwana Emmet anayehama."

Penseli ya Ines, aliyeketi mkabala na Emmet, ilisimama juu ya karatasi.

"Nilikuambia kesho," Emmet alisema, masikio yakianza kumwiva.

Gus, mwenye nyumba, aliinamia supu yake ya kombe wa baharini kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Alikuwa anajua. Wengine walitazamana. Gus akamwambia mgeni kwamba nyumba hii mtu hucheza kwanza ndipo aoneshwe chumba, na bahati nzuri mchezaji wao wa saba amekwamishwa na theluji. Lorna akakalia kile kile kiti cha plastiki, akapewa nchi ya Ufaransa kwenye ramani.

Chini ya meza, Ines aliandika ujumbe: "Unahama?"

Simu ikatetemeka. "Ijumaa. Maine. Nimepata kazi kwenye karakana ya meli."

Alisoma mara tatu. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena. Gus alimuuliza kama kiti chake kina siafu.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza, mgumu kwa moyo. Watu saba, nchi saba za Ulaya ya zamani, hakuna dadu. Kila zamu wachezaji hutoka wawili wawili, jikoni, ngazini, kwenye kibaraza cha nyuma, wakaahidiana. Kisha kila mmoja huandika amri za majeshi yake kwa siri, karatasi zikaingia kwenye mkebe wa biskuti, na Gus akazisoma kwa sauti. Kibarazani, kudanganya ni ruhusa. Kilichoandikwa ndicho kinachotendeka.

Miaka sita walikuwa wakicheza hivyo kila Jumapili. Na mwezi uliopita, kibarazani, Emmet alimwambia Ines kwamba anampenda na anataka kumuoa. Ines alicheka. Alimwambia huo mtego ni mzuri kuliko yote aliyowahi kutegewa, akarudi ndani, akamnyang'anya Denmark. Emmet alicheka pamoja na wengine, na hakulirudia tena neno lile.

Alasiri hiyo Ines, mwenye Urusi, alicheza kama mtu anayekimbizwa; Emmet alikuwa na Ujerumani. Kufikia zamu ya mwisho alikuwa na miji kumi na saba, na wa kumi na nane ndio ushindi. Juu ya kabati kilimngoja kikombe alichowahi kushinda baba yake Gus, ambacho Ines hajawahi kukigusa hata mara moja.

"Wareno mlizunguka dunia nzima," Gus alimtania Ines, ambaye ukoo wake ni wa Ureno, "lakini hiki kikombe kuvuka meza tu kimewashinda."

Ines aliinuka. Alimwita Emmet kibarazani. Walisimama kwenye baridi bila makoti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Mimi na wewe tunaongea hapa tu."

"Ulichosema mwezi uliopita. Nilidhani unataka kuilinda Denmark."

"Denmark nilikuwa nayo, Ines. Sikuwa na wewe."

Ines aligeuza uso. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unasema kweli?"

"Unaona? Mpaka leo unauliza."

"Basi niulize tena. Nitakubali."

"Hapa?" Emmet alitabasamu bila furaha. "Hapa ndipo unapomkubalia kila mtu. Dakika kumi zilizopita umemkubalia Gus."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Ines akashika ukingo wa kibaraza, barafu ikamng'ata vidole.

"Basi si hapa. Uliza mezani."

"Mbele ya Gus? Risala ya harusi ya dada yangu ilinishinda, mjomba akaimalizia."

"Sikiliza. Jeshi lako litoke Berlin, liende Munich. Nitakusaidia kutoka Bohemia, na jeshi langu la Prussia halitainua mguu. Ikisomwa hivyo, unauliza mezani."

"Nikitoka Berlin inabaki wazi. Unaingia, mchezo umekwisha, kikombe ni chako."

"Najua."

"Miaka sita unakitaka."

"Emmet. Kuhesabu najua."

Emmet akashika kitasa cha mlango. "Haya. Ikisomwa hivyo, nitauliza. Nakuahidi."

Ndani, Ines alifunika karatasi kwa mkono. Mkono ulikuwa na mazoea yake. Ulishaandika "Prussia kwenda" kabla hajautuma. Akafuta. Je, kama Emmet hatoki Berlin? Kama analipiza ile Denmark, acheke mbele ya wote kisha aende zake Maine? Alitazama kikombe, akatazama masikio ya Emmet, akaandika, akaitupa karatasi mkebeni kabla moyo haujageuka.

Gus akaanza na ya Ujerumani.

"Berlin kwenda Munich."

Meza nzima iligeuka kumtazama Ines. Lorna alimnong'oneza jirani yake: si ina maana huyu dada ameshinda? Jirani akaitikia kwa kichwa. Emmet alitazama mikono yake.

Gus akafungua ya Urusi. "Bohemia inasaidia Berlin kwenda Munich." Akapandisha miwani. "Prussia inakaa."

"Inakaa?" mtu aliuliza.

"Ndivyo alivyoandika."

Hakuna mshindi, basi. Kikombe kilibaki palepale juu ya kabati. Gus alifungua mdomo kutania, akauona uso wa Ines, akaufunga.

"Jamani, na kile chumba?" aliuliza Lorna.

Emmet alisimama. Goti lake liligonga meza, majeshi yakaanguka Ulaya nzima, na hakuna aliyeyaokota. Alimtazama Gus, akatazama mlango kama mtu anayepima hatua za kuufikia. Masikio yalikuwa mekundu mpaka shingoni.

"Ines," alisema, sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Kule nje nilikuuliza, ukacheka, na sikulaumu. Sasa nakuuliza hapa, mbele ya hawa wote. Nakupenda. Nataka kukuoa. Kama Maine ni mbali nitarudi kila Ijumaa, nitafukua theluji, nitaweka kiti. Unakubali?"

"Ndiyo," alisema Ines.

Lorna, ambaye bado hakuwa amejibiwa kuhusu chumba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.