Mbuzi ya Mgeni wa Ndege

Munyi alikutwa amelala kifudifudi kando ya zizi lake, hapo chini ya kiwanja cha ndege cha Embu, kichwa kimepasuka. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile ya vita vya Mau Mau. Ismael mchinjaji alikuwa amemwinamia, kisu mkononi. Sasa mtu na kisu na maiti, wakati ule, wewe fikiria mwenyewe: kamba ya shingo.

"Niliitwa kuchinja mbuzi ya mgeni, afande!" Ismael alilia. Uso umevimba. Askari walimpiga kwanza, kuuliza baadaye.

"Mgeni gani?" Inspekta Mbogo aliuliza.

Cicily, binti ya Munyi, ndiye alijibu. Yeye asubuhi hiyo alikuwa mtoni. "Ni Marete, askari wa Meru. Anataka kunioa. Lakini alisema atakuja na lori, afike jioni."

Mbogo akaangalia ile mbuzi. Mbuzi gani hii! Inaruka, inalia, macho kama taa. Mdomoni majani ya ndizi, chini vijiti vya miraa, ile ya kufukuza usingizi, vimetafunwa. Akaokota kimoja. Laini, bado kinang'aa. Na miraa, bwana, ikipanda lori huko Kangeta inakolimwa, ipite Meru, ivuke mito yote ile ya Chuka na vizuizi vya askari, ikifika Embu imenyauka kama sikio la mzee.

Kesho yake Mbogo akapanda ndege ndogo ya polisi. Maili arobaini na kitu huko hewani, mlima uko kushoto. Hata hajamaliza kutapika, ikatua Meru. Nusu saa haijafika.

Aliyekuja kupakua mizigo ni Marete.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa Meru. Asubuhi gwaride, mchana nimekula na wenzangu, uliza. Embu ni safari ya siku nzima, afande."

"Kwa lori. Mimi chai nimekunywa Embu, nimetapikia hapa kwako."

Marete akageukia mizigo.

"Mbuzi imekula miraa yako, Marete."

Hapo akafunika uso. "Hiyo usiambie watu, afande. Kwetu, ukipelekea baba ya msichana miraa imefungwa na majani ya ndizi, hiyo ndiyo posa. Ndege ilikuwa na nafasi, nikapeleka ingali mbichi. Akapokea, akanishukuru, akatupia mbuzi! Mbele yangu! Nikampiga rungu moja tu. Nikarudi na ndege."

"Na Ismael anyongwe?"

"Niliona heri hivyo, kuliko Meru yote ijue posa yangu imeliwa na mbuzi."

Wakamrudisha Embu na pingu. Cicily alikuwa anangoja hapo kituoni.

"Marete, sisi Waembu posa ni pombe ya asali. Baba aliona majani tu. Hiyo mbuzi alikuwa anaishibisha ichinjwe. Mgeni ni wewe."

Marete akaangalia chini, hakuinua kichwa tena.

Mbogo naye akageukia Ismael, aombe msamaha kwa huo uso.

"Nirudishie kisu, afande," Ismael akasema. "Kuna matanga kwa Munyi. Ile mbuzi bado inaningoja."