Sauti ya Njegere

Mke wangu alinituma chumvi. Mwanamume mzima, niliyevuka mipaka saba na kufukuzwa hotelini katika minne, natumwa chumvi jua likizama! Njiani nikapitia kazini, dakika mbili tu, kuzima feni.

Kazi yangu ni kuzitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili. Jambazi ni mimi, bibi harusi ni mimi, hata mbwa. Wahusika nawapa majina ya watu wa mtaani, watazamaji wacheke. Ukutani nimebandika trei za mayai ili kelele za nje zisiingie.

Mlango ulikuwa wazi.

Mama mmoja alikuwa amekalia kiti changu. Alinuka... utambi uliozimwa sasa hivi.

"Shikamoo," nikasema, ingawa alionekana rika langu. Mdomo uliamkia wenyewe.

"Marahaba, baba Njegere."

Njegere ni kitinda mimba wangu, miaka saba. Alizaliwa mdogo kiasi hicho. Mdomo ukakua kwa niaba ya mwili.

Magotini mama alikuwa na kitabu kikuukuu na filamu iliyotokana nacho. Pembeni, mashine mpya ya kurekodia, ile niliyoiota mpaka mke wangu akaiita mke mwenza.

"Nitilie sauti kipande kimoja. Mashine itabaki kwako."

Kipande chenyewe: baba anamkabidhi mwanawe kwa mgeni, naye alipwe nyumba. Mama alinisomea kitabuni. Baba analia mpaka anajing'ata vidole. Kwenye filamu, baba huyohuyo anaendelea kula. Kijiko hakitui.

"Yupi mbaya?" akanong'ona.

"Wa filamu, mama. Wa kitabuni angalau ana uchungu."

"Nyumba aliikataa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi tofauti yao ni machozi. Haya, rekodi."

Ndipo nilipoona. Mshale wa mashine hupanda mtu akiongea. Hata mbu huupandisha. Mama alipokuwa akizungumza...

Ulikuwa umelala.

Ningetoka. Chumvi ilikuwa udhuru mzuri sana. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuipapasa mashine, kama ng'ombe wa mnada.

Mzee aliyenifunza kazi alinikanya jambo moja: mhusika anayekufa au kuchukuliwa, usimpe jina la mtu wako. Mpe la paka. Nalijua hilo. Lakini mtoto wa kwenye filamu alikuwa mdogo, mdomo mkubwa, nami nilitaka kumchekesha mteja.

"Mchukue Njegere," nikasema kwa sauti ya baba. "Akale kwenu."

Mshale ukaruka.

Kisha, pasipo mtu kufungua mdomo, ukaruka tena.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza. Sauti yangu. Kimya. Halafu...

"Abee, baba?"

Mama akainuka. "Siku utakayoiacha mashine nje ya mlango huu, mtoto atasema."

Nilikimbia. Nyumbani mke wangu akanipokea: "Chumvi iko wapi, we mwanamume?" Nyuma yake Njegere alinijia mbio, meno mawili hayapo, mdomo wazi, anacheka kama siku zote.

Hakuna sauti.

Nililia, jamani. Majirani ni mashahidi.

Sasa ni wiki ya tatu. Madaktari wanamchungulia koo, wanasema ni zima. Mke wangu analala naye mkekani, anamwomba, "Sema mama. Neno moja tu, mwanangu." Mashine nimemwambia nimeazimwa.

Nami nafanya kazi. Nikibonyeza, sauti inaitika, "Abee, baba?", kisha inasema lolote ninaloliandika. Kumbi zote zinazitaka filamu zangu. Ana kipaji mtoto yule, amenirithi.

Jioni huwa anakuja kazini. Anabandika sikio mlangoni, anajisikiliza. Jana aliupiga mlango kwa ngumi, muda mrefu, na mshale ukawa unarukaruka. Nilingoja achoke. Kelele zinaharibu kazi.

Nitaitoa nje mashine. Mara mbili nimeshaifunga kwenye sanduku, mara mbili nikaifungua. Imebaki filamu moja tu, na mtoto wa mle ndani anaimba.

Msinitazame hivyo. Mimi angalau nalia.