Machozi ya Kiti cha Kumi na Nne

Jumamosi ile watu walijazana mlangoni mwa ukumbi kama wanaogawiwa kitu cha bure, na kumbe wote walikuwa wameshalipa. Asubuhi lilikuwa limebandikwa tangazo: Saa Mbovu, mchezo wa nyimbo ulioimbwa jukwaani humo miaka sita mfululizo, ungefungwa baada ya wiki nane. Ndivyo binadamu alivyo. Kitu kikiwapo hukipita, kikiaga hukikimbilia. Walikuja waliouona mara kumi, wakaja na wale waliokuwa wakisema "tutaenda tu" tangu mwaka wa kwanza, wote wakisukumana.

Aliyekanyagwa kuliko wote alikuwa mwonyesha viti. Wenzake walimwita Tochi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kazini bila tochi yake ndogo mkononi. Alivaa sare nyekundu iliyoiva, na skafu nyeupe shingoni aliyoipiga pasi mwenyewe kila siku.

"Aah! Kaka, hicho ni kidole changu, si ngazi."

"Nisamehe, dada. Nilidhani ni zulia."

"Zulia linavaa viatu?"

"Kwa bei ya tiketi zenu, nilidhani labda linavaa."

Tochi alicheka bila kupenda. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la kijani kibichi, mikono imekunjwa mikunjo miwili, na kitambaa cheupe kikichungulia mfukoni. Tiketi yake ilisema safu ya tisa, kiti cha kumi na nne.

"Kitambaa hicho ni cha urembo au cha kazi?"

"Utaona mwenyewe," kijana akajibu.

Akaona. Tochi alikuwa haangalii jukwaa tena. Kila neno la mchezo alilijua kama jina lake. Alichoangalia ni watu. Alijua kwamba safu za nyuma hucheka kwanza, na za mbele huchelewa kwa sababu ya heshima zao. Alijua kwamba mwanamume anayekohoa mara tatu anafuta machozi. Na alijua kumtofautisha anayelia na anayejiliza: anayejiliza huinua uso ili aonekane, anayelia kweli huuficha. Katika hilo hakuwahi kukosea, na alijivunia kupita kiasi.

Ulipofika wimbo wa saa, ambapo fundi wa saa aliyeachwa na mkewe anazunguka dukani na kuzisimamisha saa zote moja moja, kijana wa kiti cha kumi na nne aliinamisha kichwa akaficha uso kiganjani. Mabega yalimtikisika. Mama aliyekaa pembeni yake akaanza kulia naye, kisha safu nzima. Mwisho wa mchezo yeye ndiye aliyesimama kwanza kupiga makofi, na ukumbi ukamfuata.

Mlangoni Tochi alimsubiri. "Kaka Kitambaa, pole. Umelowa."

"Marehemu baba alikuwa fundi wa saa," akasema taratibu. "Nilidhani nimeshazoea."

Mganga hajigangi. Tochi aliyewasoma watu elfu kwa siku alisoma uso mmoja tu akaupenda, na kuanzia hapo hakusoma tena.

Kitambaa akawa haji Jumamosi tu. Alikuja Jumatano, alikuja Ijumaa, kiti kilekile.

"Hela za kuja kila siku unatoa wapi, mpenzi?" Tochi alimuuliza kwenye simu, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi baada ya kusimama kutwa.

"Sili. Nimekuwa nakula sauti yako."

"Muongo! Jana umemaliza sahani yangu na yako."

"Ile ilikuwa kwa heshima ya mpishi. Sema ukweli, Tochi wangu, nani mwingine analia vizuri kama mimi pale?"

"Hakuna. Jana umemliza hadi yule mzee wa safu ya pili anayekujaga kulala."

"Basi funga ndoa na mimi kabla sijakauka."

Alisema kwa mzaha, lakini wiki ya tano alirudia bila mzaha, wakiwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya ukumbi, mvua ikipiga bati. Wakakubaliana kwamba siku ya kufunga, Jumapili alasiri, Tochi amlete mama yake ambaye katika miaka sita hajawahi kuuona mchezo. Pazia likishuka, Kitambaa atamwamkia na kujitambulisha.

"Mama ni mgumu," Tochi akamwonya. "Wanaume hawaamini."

"Nani alimtenda?"

Hapo ndipo Tochi alipotoa kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu. Alikuwa na miaka tisa, amesimama dirishani alfajiri. Baba yake alikuwa anaondoka na sanduku. Mama alimshika shati, akamng'ang'ania mpaka vifungo vikakatika vikatawanyika kizingitini, na baba akaenda zake shati wazi. Mama alipiga magoti akaviokota kimoja kimoja. Wiki iliyofuata vifungo vile vilikuwa kwenye sweta ya shule ya Tochi. Mama alisema amevinunua sokoni.

"Sijawahi kumwambia mtu. Hata mama hajui kwamba niliona. Nilivaa ile sweta mwaka mzima, kila nikifunga kifungo naumia, na sikusema."

Kitambaa alimshika mkono akaubana, na macho yake yalilowa. Tochi alirudi kazini siku hiyo mwepesi, akijiambia kwamba amempata mtu.

*

Pale ukumbini kulikuwa na kawaida moja. Watazamaji waliandika maoni yao kwenye kadi na kuzitumbukiza kwenye sanduku la mlangoni, na kila siku Tochi alizisoma, akachagua zilizo nzuri na kuzipeleka kwa mtayarishaji zikabandikwe ukutani. Alizipenda kadi zile. Kuna mjane aliyeandika kwamba amerudisha saa ya mumewe kwa fundi. Kuna mtoto aliyeandika, "Nimelala kidogo lakini mama amelia sana, kwa hiyo ni nzuri." Wiki ya mwisho zilikuja kwa mamia, na Alhamisi, Tochi akiwa mapumziko, mwenzake alimshikia kazi.

Ijumaa alipofika alikuta umati mdogo mlangoni, watu wameinua shingo. Bango jipya lilikuwa limetundikwa, refu kuliko mtu, limeandikwa maneno ya kadi moja, na wanawake wawili walikuwa wanafutana machozi. Tochi alisogea akitabasamu, maana alipenda kuona watu wameguswa. Akasoma.

"Mama alimshika baba shati mpaka vifungo vikakatika. Kisha akavishona kwenye sweta yangu ya shule. Leo, wimbo wa saa ulipoimbwa, ndipo nilipoweza kulia. Mwanamke, safu ya tisa."

Alisoma mara ya pili, akitumaini macho yamemdanganya. Halafu alilishika bango kwa mikono miwili akalichana kuanzia juu hadi chini, mbele ya watu wote, na kwenda nalo moja kwa moja ofisini.

Mtayarishaji alikuwa mtu wa maneno mengi na suspenda za rangi za kushikilia suruali. "We Tochi, una wazimu? Hilo limeliza watu kabla hata hawajaingia!"

"Nani aliandika?"

"Si huyu bwana wako? Kitambaa. Anaandika vizuri sana, namwambia kila siku."

"Kwa nini aandike yeye? Hii inasema mwanamke."

Mtayarishaji akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hakukwambia? Mbona ni mtu wetu. Tulimchukua wiki ile ya tangazo. Analia pale pa kulia, anasimama wa kwanza, watu wanamfuata. Watazamaji ni kama miayo, dada, mmoja akianza wote wanaambukizwa. Na kadi nzuri zikipungua anatuandikia. Mimi nilijua mmeshaongea, mnavyopendana vile."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Tochi alilijua neno hilo tangu utotoni bila kujua lina meno. Alitoka nje, akasimama kando ya mapipa ya taka na kupiga simu.

"Haloo, kipenzi, leo umeniwahi..."

"Baba yako alikufa lini?"

"Nini tena, Tochi?"

"Fundi wa saa. Alikufa lini?"

"Baba yuko hai," Kitambaa akasema. "Anauza magodoro."

Tochi alicheka, na kicheko chenyewe kilimtisha. "Magodoro."

"Nisikilize. Kulia nililipwa. Wewe sikulipwa. Hakuna aliyeniambia nikupende."

"Na vifungo vya mama yangu? Hivyo ulilipwa?"

"Walitaka kadi nzuri arobaini kwa siku moja. Nilikuwa nimeishiwa. Nilikaa mezani, ikawa ndiyo inayonijia kichwani kila nikishika kalamu. Niliandika nikilia, wallahi. Sikuweka jina. Nilisema nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Tochi..."

"Ulipokuwa umenishika mkono pale kwenye chai, ulikuwa unanisikiliza au ulikuwa unakariri?"

Hakujibu upesi, na Tochi akakata simu. Afadhali angejibu lolote.

*

Jumapili mama alikuja. Tochi alikuwa amemkataza kwa simu mara mbili, akisingizia joto, akisingizia msongamano, na mama akajibu kwamba gauni la bluu limeshapigwa pasi na mkoba ameshaazima kwa shangazi, haurudishi kabla haujatoka. Bango halikuwapo tena. Tochi alishukuru Mungu, akampeleka mama safu ya sita, akamkalisha.

Ukumbi haukuwahi kuwa vile. Watu waliimba pamoja na waigizaji tangu wimbo wa kwanza. Walicheka kabla ya vichekesho kusemwa, wakapigia makofi hata duka lenyewe lilipomulikwa, meza na saa zake. Tochi alisimama pembeni akawaangalia watu wake kwa mara ya mwisho, na kwa mara ya kwanza hakujua anachokiona. Yule anayekohoa kule, analia, au naye kaajiriwa? Yule binti anayeficha uso, anauficha kweli?

Wakati wa mapumziko alimpelekea mama maji. Mama alikuwa na kijitabu cha kumbukumbu, kile kilichogawiwa mlangoni siku ya kufunga. Kilikuwa wazi kwenye ukurasa wa maoni ya watazamaji. Kidole cha mama kilikuwa juu ya mstari mmoja, hakisogei.

Tochi alijua kabla hajauliza.

"Ulikuwa umeamka," mama akasema.

"Nilikuwa dirishani, mama."

"Miaka yote hii nakuficha. Kumbe wewe ndiye unayenificha mimi." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Na hawa wote wamejuaje?"

"Nilimwambia mtu mmoja."

"Mtama unamwagwa penye kuku wengi, mwanangu, kwa mkono wa mtu mmoja." Akakifunga kijitabu. "Ndiye huyo uliyetaka nimwone leo?"

Tochi aliitikia kwa kichwa. Alitamani mama amfokee. Mama akasogeza mkoba wa shangazi ili Tochi apate mahali pa kukaa kwenye ukingo wa kiti.

"Nami nilimwamini wangu," mama akasema. "Kaa. Taa zinazimwa."

Akakaa, sare na tochi na yote, wakashikana mikono. Wimbo wa saa ulipoimbwa ukumbi mzima ulilia kwa sauti. Tochi aligeuka mara moja tu. Kitambaa alikuwa kwenye safu ya tisa, lakini si kiti chake. Leo alikuwa amenunua tiketi mwenyewe, kiti cha pembeni. Pazia liliposhuka na watu wote wakasimama wakipiga makofi na kuita majina ya waigizaji, yeye alibaki amekaa, uso mikononi.

Aliwafuata mpaka nje, barazani, katikati ya umati uliokataa kwenda nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, maana alilelewa. Kisha akasogea hatua tatu, akawaachia nafasi.

"Leo hakuna aliyenituma," Kitambaa akasema. Macho yalikuwa mekundu, machozi yakimtiririka bila kufutwa. "Kazi nimeacha. Hela yao nimekataa. Tochi, haya ni yangu. Niangalie. Wewe si unajua kusoma watu? Nisome."

Tochi alimwangalia. Alimwangalia vizuri, kama alivyowaangalia watu miaka sita: mdomo, mabega, mikono, kidevu. Alitaka sana kuona. Angeona hata kidogo tu angemsamehe, na hilo alilijua.

"Inawezekana ni kweli," akasema mwishowe. "Ila mimi siwezi kujua tena. Zamani nilikuwa najua, kaka. Hicho ndicho ulichonichukulia, na hata ukitaka kukirudisha, huna."

"Nitasubiri."

"Usisubiri. Utanifanya nikuonee huruma, na huruma nitaiita mapenzi."

Aliteremka ngazi, akamshika mama mkono. Walikwenda hadi taa za barabarani, wakasimama kusubiri magari yasimame. Nyuma yao umati ulikuwa umeanza tena wimbo wa saa, sauti mia zisizopatana.

Mama alitazama nyuma. "Bado analia."

"Najua."

"Ni kweli?"

Tochi hakugeuka. "Sijui, mama," akasema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia, waziwazi, mbele ya magari na watu. "Sijui."

Mama alimvuta karibu, na magari yaliposimama wakavuka.