Kamera Iliyosimama Mlangoni

"Jamani, huyu kaka kanipiga!"

Goreth aliyasema hayo kwa sauti iliyovuka soko zima la Newtown, Johannesburg, mkono mmoja umekumbatia furushi la nywele za bandia, mwingine umemnyooshea kidole kijana mwembamba mwenye koti lililopauka. Burhani, muuza makobazi kutoka Tanga, akainuka na kobazi mkononi. Mlinzi wa Kizulu hakuelewa hata neno moja, ila hasira haihitaji mkalimani, naye akasogea.

"Nimemupiga picha, kaka! Picha tu!" kijana akainua kamera juu. "Mukono yangu haikumugusa!"

"Na hiyo picha nani kakuruhusu?"

Watu wakaangua kicheko. Burhani akarudi kitini akisonya, maana alishajiandaa kwa ugomvi wa maana. Goreth hakucheka. Siku hiyo alikuwa ndani ya sweta la kuazima, na nywele zake hazijasukwa. Msusi na kichwa chake mwenyewe, hayo tunayajua.

"Ifute."

"Angalia kwanza, dada. Ukiona iko mubaya, nitafuta."

Aliangalia, akajitafuta. Nguzo ya zege ilikuwa imemeza nusu ya picha, juu mawingu ya kijivu, na pembeni kabisa mwanamke mdogo amekumbatia mzigo.

"Mbona umepiga nguzo?"

"Nguzo inakusukuma. Muji wote unakusukuma, na weye unaenda tu."

Goreth alikuwa ametongozwa kwa maua, kwa chipsi na kwa mistari ya Biblia. Kwa nguzo, ilikuwa mara ya kwanza. Akatoa namba yake ya simu huku bado amenuna.

Kijana aliitwa Gradi, mtu wa Lubumbashi. Riziki yake ilitoka kwenye video za harusi za Wakongo: maharusi wanaotembea polepole, mioyo myekundu ikiwaelea kichwani. Lakini moyo wake yeye ulikuwa kwenye filamu za Uingereza.

"Za malkia?" Goreth alimuuliza kwenye simu.

"Za watu ambao malkia hakuwajua. Batu ba kazi, chérie."

"Chérie nani? Mpenzi wako tangu lini? Niite dada mpaka nikuruhusu."

"Bon. Lala salama, dada chérie."

Goreth akacheka mpaka akaifunika simu kwa mto. Wiki haikuisha kabla hajamruhusu.

Jumapili moja baada ya ibada walikaa chumbani kwa Gradi, mtaa wa Malvern, mlango wazi ili majirani wasipate la kusema. Goreth alivaa gauni la kitenge cha njano na viatu vya kisigino. Kwenye kompyuta kulikuwa na filamu moja ya Uingereza: mama wa Kizungu, ghorofa chakavu, na mvua.

"Kumbe na wao wana mgao wa umeme?"

"Ni mwanga ya dirisha tu. Ukiweka taa muzuri, hata shida inapendeza. Hawa hawataki shida ipendeze."

"Na muziki?"

"Muziki ingekuambia ulie. Hapa unaamua weye mwenyewe."

"Eish, na picha inatikisika! Mpigaji kalewa?"

"Ameiweka kamera begani. Akipumua, nayo inapumua. Sasa angalia amesimama wapi."

Yule mama alikuwa akiosha vyombo, mgongo tu ndio unaoonekana, mwembamba kati ya miimo miwili ya mlango. Goreth aliacha kutazama. Alisimama, akakaa, akauliza chai iko wapi. Hakuwa mtu wa kutulia panapomhuzunisha. Alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akarudi Burundi, akatoka, na hapa Johannesburg amehama saluni hadi saluni, kila mara akimwambia mama yake kule Gitega kwamba sasa mambo ni mazuri zaidi. Mama alikuwa na shinikizo la damu. Kwa hiyo Goreth alimtumia picha za midomo myekundu, mbele ya maua ya watu na magari ya watu. Usingizi wa mama ulilala juu ya picha hizo, na Goreth alizilinda kama mboni ya jicho.

Ndiyo maana Gradi alipoomba kumpiga filamu akiwa kazini, pale saluni ya Jules Street, alitikisa kichwa kwanza.

"Nitakuwa na aproni, Gradi. Na ndala."

"Ndiyo minataka hivyo."

"Lakini utaitengeneza, eti?"

"Nitaitengeneza muzuri sana, chérie."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na kwa neno dogo tu. Kwa msusi, kutengeneza ni kumchukua mtu alivyoamka na kumfanya apendeze. Kwa mpiga filamu, ni kukata vipande na kuviunganisha. Kila mmoja alipatana na mwenzake kwa lugha ya kazi yake mwenyewe, wakabusiana juu ya ahadi mbili tofauti.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi mdogo Newtown. Goreth alikuja amejifunga vazi la Kirundi liitwalo mvutano, la rangi ya dhahabu, kitambaa kimemwagika kutoka begani kama kwa bibi harusi wa Burundi. Kando yake alikaa shangazi yake Léocadie, simu juu, akirekodi.

Taa zikazimwa. Ukatokea ukuta wenye ufa, kisha ndoo ya maji, kisha Goreth kwa mbali, kati ya miimo ya mlango, mgongo umepinda juu ya kichwa cha mteja. Alikula chipsi zilizopoa huku amesimama. Aliketi kidogo akajisugua miguu iliyovimba. Hakuna ua, hakuna wimbo, hakuna hata moyo mmoja mwekundu. Kulikuwa na mashine ya kukaushia nywele ikivuma tu.

"Eh Mungu wangu," Léocadie alinong'ona. "Huyu ni wewe?"

Goreth alitoka nje akibeba pindo la vazi lake. Gradi alimkuta karibu na robot, taa za barabarani, magari yakipiga honi.

"Uliniambia utaitengeneza!"

"Nimeitengeneza! Usiku mingi, Goreth!"

"Umenivua nguo mbele za watu! Bibi harusi usiyemjua unampa mioyo kichwani, mimi unanipa ufa!"

"Bibi harusi simupendi. Weye minakupenda."

"Basi mapenzi yako yamenishinda." Taa ikageuka kijani, akavuka, na kabla hajafika ng'ambo alikuwa ameshaifungia namba ya Gradi.

Kisha ikaja subira isiyo na utulivu. Aliwaza kuhamia Durban. Alihamisha kioo, akakirudisha. Alimsuka mteja mistari ya kushoto mara mbili. Usiku akilala, masikio yalikuwa kwenye simu aliyoifunga mwenyewe. Alimkumbuka, na alijichukia kwa kumkumbuka.

Asubuhi moja mama akapiga.

"Léocadie amenitumia video."

Goreth akaegemea ukuta. "Mama, usishtuke, ile si..."

"Kwa nini unakula umesimama?"

"Nini?"

"Nakuuliza wewe! Ndivyo nilivyokulea? Mtu hali kama farasi. Na miguu hiyo, uiweke kwenye maji ya chumvi." Mama akakohoa, sauti ikashuka. "Goreth, picha zako nilikuwa naziogopa. Nilisema mtoto wangu kapatwa na nini, mbona hachoki? Sasa nimekuona, nimelala."

Goreth alilia waziwazi, mteja akimpa karatasi za kufutia.

"Na huyo aliyekupiga ni nani?"

"Ni mtu tu, mama."

"Si mtu tu. Amesimama mlangoni muda wote, haingii. Ulipojisugua miguu vile, mwingine angekuja kukuchungulia usoni. Huyu amekaa palepale. Mtu mwenye adabu hivyo anangoja kukaribishwa, na wewe umemwacha mlangoni. Nataka kumwona uso."

Goreth aliifungulia ile namba, akamwita. Gradi alifika saluni kabla chai haijapoa, kwa namna alivyokimbia kutoka kona ya pili. Alisimama kizingitini, shati limekosea vifungo.

"Goreth, minaomba..."

"Ingia. Leta hiyo kamera."

Alimnyang'anya, akaiweka begani pake, akamsogelea mpaka uso wa Gradi ukajaa kioo chote cha kamera: jasho, ndevu za siku nyingi, macho yaliyokosa pa kujificha.

"Karibu hivyo? Non, chérie, rudi nyuma kidogo."

"Wewe ulikaa mbali kwa heshima. Mimi nimechoka na mbali. Mama anataka kukuona. Mwambie umefuata nini kwa binti yake."

Mashine zikazimwa. Wateja wakageuka na vichwa vyao vya nusu nusu. Gradi alimeza mate, akaangalia chini, kisha akatazama pale kwenye lenzi, ambapo kwa miaka yote aliwaweka wengine.

"Mama," alisema, "sina nyumba. Niko na kamera na minamupenda huyu. Minaomba nimuoe."

Picha ilitikisika vibaya sana hapo. Aliyeshika kamera alikuwa akipumua kwa nguvu, na hakuizima.